Cipro na dawa ya tumbo: usimeze vyote pamoja

Mingi kati ya watu wenye kutoka Sandoa kwenda kutafuta kazi mu migodi ya Kolwezi wanabeba dawa yao mu sakosi: vidonge vyeupe vya kutafuna, kwa tumbo yenye kuwaka, na pengine siprofloksasini, ile wote tunaita cipro. Homa ikikamata, mutu anameza vyote kwa maji moja. Hapo njo hatari inaanza.

Vidonge vya kutafuna, sawa Maalox, viko na aluminiumu na magneziumu. Vinapunguza asidi ya tumbo, ni kweli. Lakini vikikutana na cipro, vinaikamata, vinafungana nayo, na mwili haiwezi kuichukua tena. Inapita tu, inatoka na choo. Wachunguzi walipima ile mambo mu 1989: mutu akikamata Maalox dakika chache mbele ya cipro, mu damu munafika karibu 15 kwa mia tu ya ile dawa. Hata akingoja masaa 2, haifike robo.

Juu ya nini tujali? Cipro inapewa mara mingi kwa tifoide. Tifoide yenye haitunzwe muzuri inaweza kutoboa matumbo: Kinshasa iliona vile mu mwisho wa 2004. Mugonjwa anasema «nilimeza dawa», familia inalipa franka, kumbe dawa haikuingia mu damu. Na microbe yenye kuonja dawa kidogo tu inajifunza kuishinda.

Tufanye namna gani? Cipro itangulie. Ngoja masaa 2 mbele ya kutafuna dawa ya tumbo. Kama ulianza na ile ya kutafuna, ngoja masaa 6. Njia nyepesi: cipro wakati jua inatoka na wakati inazama, dawa ya kutafuna katikati ya muchana tu. Doksisiklini na tetrasiklini nazo zinafungiwa njia vile vile. Maziwa na vidonge vya fer pia, vile wamama wenye mimba wanapewa. Usichanganye.

Omeprazoli ni ingine. Hiyo haifungane na cipro. Tena, inasaidia antibiotiki kuponyesha kidonda cha tumbo. Barry Marshall na Robin Warren, wanganga wa Australia, walionyesha kama vidonda mingi vinaletwa na microbe, Helicobacter pylori. Walipata Nobel mu 2005. Ile microbe inatunzwa na omeprazoli pamoja na antibiotiki mbili, mara mingi amoksisilini na klaritromisini, siku 14. Maumivu yakiisha siku ya 4, usiache, na usimugawie ndugu vidonge vyenye kubakia.

Wenye kuchimba, mwangalie pia diklofenake na ibuprofene, zile munameza kwa mugongo. Zinaweza kuumiza tumbo zenyewe, na kidonda kutoka damu.

Ukienda kwa munganga ao ku farmasi, beba pakiti zote, hata ile ya kutafuna yenye unaona ni kitu kidogo. Useme: «Nameza hii na hii, saa fulani.» Na kama choo iko nyeusi sawa makala, unatapika damu, ao tumbo imekuwa nguvu sawa ubao, usingoje kesho. Enda ku hopitali.