Kufupisha Habari Iliyosomwa

Walimu wengi wamezoea kumpa mwanafunzi habari ya kurasa mbili na kumwambia, "Ifupishe." Naye hunakili sentensi ya kwanza ya kila fungu la maneno, akaleta daftari. Huko siko kufupisha.

Tutoe mfano. Tuseme darasa limesoma habari za dumuzi, yule mdudu mharibifu wa mahindi. Habari yenyewe yaeleza ya kwamba asili yake ni Amerika ya Kati; kwamba katika Tanzania alitambulikana kwanza upande wa Tabora, karibu na mwaka 1980; kwamba hupenda zaidi mahindi yaliyo bado katika magunzi; na kwamba yampasa mkulima kuyakausha, kuyapukuchua, kisha kuyachanganya na dawa ya unga kwa kipimo, ndipo ayaweke ghalani.

Mwanafunzi aandika: "Dumuzi alitoka Amerika akafika Tabora. Hula mahindi. Watu watie dawa." Maneno yote ni ya kweli, wala hapana kosa la herufi. Lakini babaye asiyejua kusoma akisomewa hayo, atanyunyiza dawa juu ya mahindi yenye maganda, na dumuzi wataendelea kula ndani. Maana neno la kupukuchua limeachwa njiani. Tabora imebakizwa, nayo haimwokoi mtu na njaa.

Basi afundishweje? Asome habari mpaka mwisho pasipo kushika kalamu. Kisha afunge kitabu, na mwalimu amwulize kwa kinywa, "Habari hii yataka watu wajue nini?" Akijibu kwa maneno yake mwenyewe, ameelewa, akishindwa, na arudie kusoma, maana karatasi haitamsaidia. Ndipo aandike, na kitabu kifunguliwe tena kwa kusahihisha tu. Sisi twaona huko kufunga kitabu ni jambo kubwa kuliko yote, ingawa wako wanaodhani ni kupoteza wakati.

Katika kusahihisha atazame hasa maneno madogo: "kwanza," "kabla," "kisha," "ila." Hayo huachwa upesi kwa kuwa ni mafupi, na mara nyingi shauri lote limo ndani yake. Tarehe na majina ya mahali vyaweza kuondolewa, isipokuwa swali lenyewe lavitaka: akiulizwa dumuzi alitoka wapi, hapo Tabora haina budi kubaki, na dawa ndiyo itakayoachwa.

Hesabu ya maneno nayo ina mahali pake. Katika mtihani wa KCSE wa Kenya, ufupisho hupewa alama 15 katika karatasi ya pili ya Kiswahili, na mwanafunzi huwekewa kiasi cha maneno. Lakini hesabu ije mwisho, baada ya maana kupatikana.

Mwanafunzi wetu angaliweza kuandika hivi: "Ili kuzuia dumuzi, kausha mahindi, yapukuchue, uyachanganye na dawa kwa kipimo, kisha uyaweke ghalani." Ni maneno 14, nayo yatosha kusomwa barazani.