Panga Lililopinda Linasema Nini

Ndege ndogo ikianguka, mchunguzi mzoefu huyaendea mapema mapanga ya rafadha. Yakiwa yamesokoteka au kupinda kuelekea mbele, na mikwaruzo imeyakata kwa upana, basi injini ilikuwa ikivuta kwa nguvu ndege ilipogusa ardhi. Panga moja likiwa limekunjwa nyuma na mwenzake limenyooka, yaelekea injini ilikuwa imezimika au haina nguvu. Kisha hutazama matawi ya miti kama yamekatwa kwa mkato safi au yamevunjwa tu, na hufuata nyaya za kuongozea ndege kutoka kwenye usukani hadi mkiani, hatua kwa hatua, akitafuta waya uliokatika kabla ya ajali.

Hana njia ya mkato. Ndege ndogo kama Cessna 172 kwa kawaida hazina visanduku vyeusi, kwa hiyo ushahidi umo kwenye chuma, kwenye udongo na kwenye vinywa vya waliokuwepo. Kwetu Afrika Mashariki, wanaofika kwanza huwa ni wakulima, wafugaji au wavuvi, na kazi yao ya kwanza ni kuokoa majeruhi. Wakishamaliza, tafadhali wasisogeze kitu. Kifuniko kimoja cha tangi kikiondolewa hapo kama ukumbusho, huenda kikaondoka na jibu.

Wakati huohuo magazeti huwa yameshapata jibu: kosa la rubani. Ninayakataa maneno hayo yakitumika kufunga mjadala, na sababu ninaiona vizuri katika kisa cha viti vya Cessna.

Katika Cessna nyingi za injini moja, kiti cha rubani hukaa juu ya reli zenye matundu, na pini huingia tunduni kukishikilia. Miaka ikipita, tundu hulika na kupanuka. Pini huonekana imeingia, kumbe imeshika ukingo tu. Ndege inashika kasi, pua inainuka, na hapo kiti kinateleza kurudi nyuma. Mikono iliyoshika usukani inauvuta pamoja nacho. Pua inapanda kupita kiasi, mabawa yanashindwa kubeba uzito, na ndege inaanguka ikiwa bado karibu na uwanja. Aliyesimama pembeni ataapa kwamba rubani aliinua pua mno. Ni kweli pua iliinuka mno, lakini kilichoanza ni tundu lililolika, pana kidogo tu kuliko linavyotakiwa.

Mwaka 1987 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza reli hizo zikaguliwe kila baada ya saa 100 za kuruka, au kila mwaka kwa ndege zisizofanyiwa ukaguzi wa saa 100. Matundu yapimwe, pini zitazamwe. Baadaye Cessna ilitengeneza kizuizi cha pili cha kiti. Hayo hayangefikiwa kama wachunguzi wangeridhika kuandika jina la marehemu na kufunga jalada.

Msingi wa kazi hii ni Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga wa kimataifa, kilichopitishwa mwaka 1951. Kinasema wazi kwamba lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kugawa lawama. Kuna watu wanaoona huo ni ulegevu. Mimi naona ndiyo njia pekee ya kumfanya fundi aliyesahau kukaza nati aseme ukweli. Akijua maneno yake yatamfunga jela, atanyamaza, na nati kama hiyo italegea kwenye ndege nyingine. Polisi na mahakama wana kazi yao, nayo ifanyike kando.

Lakini kiambatisho hicho kinazipa ndege kubwa uzito zaidi. Taarifa ya awali ya ndani ya siku 30 inatakiwa hasa kwa ndege inayozidi kilo 2,250, na Cessna 172 ikijaa haifiki hata kilo 1,200. Ndege ya mafunzo yenye watu wawili inaweza kupita kimyakimya, ingawa marubani wengi wanaobeba abiria mia walianzia humo.

Kenya na Tanzania zina vitengo vya uchunguzi chini ya wizara, kando ya mamlaka zinazosimamia usafiri wa anga, na mpangilio huo ni sahihi kwa sababu mamlaka yenyewe huweza kuwa sehemu ya tatizo. Chini ya kiambatisho hicho, nchi inayopewa pendekezo la usalama ina siku 90 za kueleza itafanya nini. Waandishi wenzangu, tuzihesabu siku hizo kwa bidii ileile tunayohesabu maiti. Na ripoti zinazotoka kwa Kiingereza zipewe muhtasari wa Kiswahili, umfikie mjaza mafuta wa uwanja wa Wilson jijini Nairobi, fundi wa Arusha na mwanakijiji aliyeisikia injini ikikohoa.