Nyuzi za Chakula kwa Mgonjwa Alishwaye kwa Mrija

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamefundishwa darasani kwamba nyuzi za chakula, yaani ile sehemu ya mimea ambayo matumbo yetu hayawezi kuisaga, hulainisha choo na kuleta afya. Mafundisho hayo ni ya kweli, na asili yake haiko mbali nasi: Dk. Denis Burkitt, aliyeyaeneza katika miaka ya 1970, alikuwa daktari mpasuaji nchini Uganda kwa miaka mingi. Lakini je, mgonjwa asiyeweza kumeza, ambaye hulishwa kwa mrija, naye apewe nyuzi? Na ikiwa chakula humpanda kooni, zitamponya au zitamzidishia?

Swali hili si dogo. Mahali umio unapoingia tumboni pana msuli mfano wa pete, ambao kazi yake ni kufunga mlango ili chakula na asidi visirudi juu. Mrija upitao puani hupenya katikati ya pete hiyo, nayo haiwezi kujifunga barabara. Tena chakula cha mrija ni chepesi kama maji, na mgonjwa mara nyingi amelala. Basi hupanda. Mtu mzima wa afya akipatwa na hayo husema ana kiungulia tu. Lakini mgonjwa asiye na nguvu ya kukohoa, chakula kile chaweza kumwingia mapafuni na kumletea nimonia, hata kumwua.

Sasa, nyuzi si za namna moja. Pumba haziyeyuki katika maji, na mtu akizitia katika mrija ambao upana wake ni milimita chache tu, ataziba mrija. Nyingine huyeyuka, na mojawapo ni pektini, itokayo katika maganda ya machungwa na matofaa. Wanaopika jamu ya mapera wanaijua kwa kazi yake, maana ndiyo inayoigandisha. Uzuri wa pektini ni huu: huweza kupita mrijani ikiwa nyepesi, kisha ikakutana tumboni na kalisi iliyomo katika maziwa ya mgonjwa, ikawa nzito kama uji. Na uji haupandi upesi kama maji. Mwaka 2008 madaktari wa Japani walieleza kwamba watoto wachache wenye mtindio wa ubongo, walipopewa pektini ya kutosha pamoja na chakula chao cha mrija, asidi ilipanda mara chache zaidi, na kutapika kukapungua. Walipopewa kidogo, faida haikuwa kama hiyo.

Hata hivyo asiwepo mtu wa kukimbilia kuchemsha maganda nyumbani. Baadhi ya nyuzi, zifikapo katika utumbo mpana, huchachushwa na vijidudu vikaaoni humo. Uchachu huo huleta gesi, na mwaka 2003 madaktari wa Ufaransa walionyesha kwamba waweza kuifanya ile pete ya umio ilegee mara nyingi zaidi. Kwa upande mwingine, mgonjwa aliyefunga choo tumbo hujaa na kusukuma juu, naye huyo nyuzi zaweza kumfaa, mradi apate maji ya kutosha. Ndiyo maana mganga huanza na kiasi kidogo, akaongeza polepole huku akiangalia choo, gesi na kutapika.

Mzazi anayemwuguza mtoto wa namna hii nyumbani asibadili chakula bila kumwuliza daktari au muuguzi. Lililo mikononi mwake kila siku ni kuinua kichwa na kifua cha mtoto, nyuzi 30 hadi 45 (hizi ni nyuzi za hesabu, si za chakula!), wakati wa kulisha na kwa muda wa saa moja hivi baadaye, kutia chakula polepole, na kusafisha mrija kwa maji safi kila amalizapo.