Jiwe Lililopikwa Bila Kuyeyuka

Wajukuu wangu, sogeeni. Leo shujaa wetu ni jiwe.

Mwamba wa Diani mnaujua, ule wenye mabaki ya matumbawe. Nyumba zetu nyingi zimejengwa kwa vipande vyake. Ni chokaa. Tuseme ardhi iumeze, uzame kilomita nyingi chini, kwenye joto la nyuzi mia kadhaa, na milima iulalie. Je, utayeyuka? La. Donge la mahamri likitiwa mafutani haliyeyuki, lakini likitoka si donge tena. Vivyo hivyo chembe za chokaa hujipanga upya, zikawa fuwele zilizoshikana: tumepata marumaru. Jiwe la mchanga, kama lile la Shimba, hugeuka kwatzaiti, gumu ajabu. Miamba iliyogeuzwa hivi huitwa metamofiki.

Ukiliokota jiwe la namna hii, liulize maswali mawili.

La kwanza: una matabaka? Mwamba wa matope ukibanwa, madini yaliyo bapa hulala upande mmoja. Joto likiwa dogo tunapata sleti, inayopasuka vipande vyembamba. Likizidi, shisti, inayometameta kwa ulanga. Likizidi zaidi, naisi, yenye milia myeupe na myeusi. Marumaru na kwatzaiti kwa kawaida hazina matabaka hayo.

La pili: una madini gani? Kila madini huzaliwa katika joto na mgandamizo wake, kwa hiyo yanatuambia jiwe lilizama kina gani.

Miamba hiyo ipo Kwale yetu. Nendeni magharibi ya Kinango, upande wa Kuranze, mtakuta naisi na shisti, na wachimbaji wakitafuta kito cha garneti ya kijani kiitwacho tsavoraiti. Miamba hiyo ilipikwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mabara yalipogongana na kuinua milima mirefu.

Milima ile ikaliwa na mvua. Mito ikabeba chembe zake, zikawa mawe ya mchanga, nayo yakamomonyoka tena, hata chembe zikafika kwenye vilima vya mchanga vya Msambweni. Humo, kuanzia 2013 hadi 2024, kampuni ya Base Titanium ilichimba madini ya ilmenaiti, rutaili na zirkoni.

Basi mtu akiwaambia kwamba mchanga wa Msambweni ni mali ya pwani, mjibuni: ni mali kweli, lakini ilipikwa na milima ya bara.