Kisirani Kina Saa Zake

Masuguru, kama ilivyo sehemu kubwa ya Handeni na Korogwe mkoani Tanga, mtoto mwenye hasira za ghafla hachelewi kupewa jina. Amezira chakula, amejigaragaza chini, amempiga teke mdogo wake, na baada ya muda mfupi anacheza kombolela kama si yeye. Bibi atasema ana pepo. Baba atasema mama yake amemdekeza. Mwalimu atasema ni mtukutu. Kila mmoja ana dawa yake tayari: kombe, kiboko au dawati la nyuma. Handeni haina uhaba wa waganga. Sifa zao zimefika Dar es Salaam, na wateja hupanda basi kuwafuata. Walio adimu ni watu wanaoanza kwa kuuliza hasira hizo huja saa ngapi.

Mama mmoja ninayemfahamu, mkulima wa mahindi, aliuliza, na majibu akawa anayaandika kwenye daftari kuukuu la shule. Maandishi yake hayana mapambo. "Jumanne jioni, karudi shule, katupa begi, kampiga dada yake. Mchana hakula." "Alhamisi asubuhi, kakataa sare, kalia mpaka kakohoa. Usiku kulikuwa na muziki, kachelewa kulala." Kurasa zilipojaa, jambo likaanza kuonekana lenyewe: vurugu nyingi zilikuja tumbo likiwa tupu au baada ya usiku wa shughuli kwa jirani. Huyo jirani mwenye spika hakuna aliyemhesabu miongoni mwa majini, ingawa sifa anazo.

Mama akaanza kuweka muhogo wa kuchemsha karibu na mlango. Mtoto akirudi anakula kwanza, maswali ya shule baadaye. Na akilipuka, mama hapandishi sauti. Anawaondoa wadogo, anakaa kimya pembeni mpaka mwenyewe apoe, halafu ndipo wanazungumza. Hasira hazikwisha. Zilipungua, na zilizobaki zikawa zinajulikana zinakotoka, isipokuwa chache ambazo nitazirudia.

Majirani walimwona mlegevu. Walitaka fimbo. Kuhusu fimbo tunao utafiti wa hapa kwetu Tanzania, uliochapishwa mwaka 2014, juu ya wanafunzi 409 wa shule ya msingi. Asilimia 95 walikuwa wamewahi kuchapwa au kupigwa, nyumbani na shuleni. Waliopigwa zaidi ndio walioonekana kuwa na ugomvi na utovu wa nidhamu zaidi. Watafiti hawakudai kujua kilichotangulia, kipigo au ukorofi, maana waliwapima watoto mara moja tu. Lakini dawa iliyomfikia karibu kila mtoto ingekuwa inaponya, leo tungekuwa na taifa la malaika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza adhabu ya kikatili, na inataka hata kumrudi mtoto kuzingatie umri wake na hali yake ya mwili na akili. Hali hiyo ya akili ndiyo ambayo mwenye fimbo huwa hajaiuliza.

Wamarekani nao wana haraka yao. Kati ya 1994 na 2003, ziara za vijana kwa madaktari zilizoandikwa kuwa ni za ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka ziliongezeka kama mara 40. Mwaka 2013 chama chao cha madaktari wa akili kikaweka jina jipya kwa watoto wenye hasira za kulipuka, pamoja na masharti: milipuko mitatu au zaidi kwa wiki, kwa mwaka mzima, katika mazingira ya zaidi ya aina moja, na mtoto asipewe jina hilo kabla ya miaka 6. Jina tuwaachie wenyewe. Masharti yanafaa kuazimwa, kwa sababu yanamlazimisha mtu mzima kuhesabu kabla ya kuhukumu. Kitoto cha miaka 2 au 3 kinachojitupa chini kwa kunyimwa kisu kinafanya kazi ya umri wake.

Sasa zile chache. Mara kadhaa daftari liliandika kuwa mtoto aliduwaa, hasikii akiitwa, anatafunatafuna mate, halafu akaamka na ghadhabu. Hapo muhogo hausaidii. Huenda ni kifafa, maana si kila kifafa huangusha mtu na kumtoa povu. Kingine humduwaza tu. Na kwetu kwenye malaria kuna la kuangalia zaidi: utafiti wa Blantyre, Malawi, uliotolewa 2010, uliona karibu theluthi moja ya watoto waliopona malaria kali ya ubongo wakibaki na kifafa, ulemavu au matatizo ya tabia. Kwa hiyo mtoto aliyewahi kulazwa kwa degedege, kisha akabadilika tabia, ana habari ambayo daktari anaihitaji.

Ajabu ni kwamba wilaya ya Korogwe ina historia ndefu ya matibabu ya akili kuliko wengi wanavyodhani. Kule milimani Usambara, Lutindi ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1896 kuwa makazi ya watoto waliokombolewa utumwani, na miaka michache baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Ipo mpaka leo, chini ya Kanisa la Kilutheri. Wengi wetu tunaitaja kwa kutaniana tu.

Mzazi mwenye mtoto anayeduwaa namna ile aanzie zahanati, aeleze homa na degedege zote za nyuma, na aombe rufaa ya hospitali ya Magunga au Bombo. Daftari asiliache nyumbani.