Ufadhili wa masomo huanza na stakabadhi, si fomu

Msimu wa kujiunga na shule ukifika, kisa hiki hujirudia katika ofisi za wadi, kuanzia Bamba hadi Marafa. Nyanya amefika asubuhi na mapema akiwa na mjukuu wake. Mkononi ana barua ya kuitwa shule ya bweni, na matokeo ya mtoto ni mazuri. Mtoto ni yatima. Kwa kila kigezo, huyu ndiye mwanafunzi ambaye wafadhili husema wanamtafuta. Kisha anaombwa cheti cha kifo cha mzazi. Mama alifariki nyumbani, akazikwa kijijini, na hakuna aliyeandikisha kifo hicho. Siku ya mwisho ya kurudisha fomu ni Ijumaa.

Wazazi wengi wa Kaunti ya Kilifi wanajua kwamba kuna wasamaria wema, benki na mashirika yanayolipia watoto karo. Kisichojulikana sana ni jinsi pesa hizo zinavyopata njia ya kumfikia mtoto mmoja na kumpita mwingine anayehitaji vivyo hivyo.

Kwanza, tofauti ya majina. Basari ni msaada wa sehemu ya karo, aghalabu kutoka kwa pesa za umma: hazina ya ufadhili ya wadi inayosimamiwa na kaunti, au hazina ya maeneo bunge, NG-CDF. Ufadhili kamili ni jambo jingine. Huo hutolewa na wakfu au shirika la hisani, na hubeba mzigo wote wa mwanafunzi kwa miaka yake yote shuleni, ilmradi atimize masharti. Mkopo nao, kama ule wa HELB kwa wanafunzi wa vyuo, hulipwa. Mzazi anayechanganya vitu hivi vitatu hujikuta amejaza fomu isiyo yake.

Hesabu inaonyesha kwa nini tofauti hiyo ni kubwa. Tangu Januari 2018, serikali ya kitaifa iliweka mgao wa Sh22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya upili ya umma, ili kugharamia masomo. Chakula na malazi ya bweni yalibaki kwa mzazi. Kwa shule za kitaifa, kiwango ambacho Wizara ya Elimu iliweka kwa mzazi ni Sh53,554 kwa mwaka. Mwanafunzi akipata basari ya Sh10,000, nyumbani kunabaki deni la Sh43,554, na hapo sanduku, godoro, sare na nauli havijahesabiwa. Basari husaidia sana anayesomea shule ya kutwa. Kwa yatima aliyeitwa bweni, peke yake haitoshi.

Kuna sababu nyingine ya kutotegemea mlango mmoja. Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, huku shule za upili na vyuo vikuu vikiwa chini ya serikali ya kitaifa. Mwanzoni mwa 2025, Msimamizi wa Bajeti alizitaka kaunti zisitoe basari bila makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa, na suala hilo likaishia mahakamani. Wakati viongozi na mawakili wakibishana kuhusu nani anaruhusiwa kulipa, mwalimu mkuu bado anahitaji karo.

Pesa za hisani nazo hupungua. Mpango wa Wings to Fly, unaoendeshwa na Wakfu wa Equity Group kwa ushirikiano na Wakfu wa Mastercard, umewasomesha maelfu ya wanafunzi kutoka pembe zote za nchi. Miongoni mwa waliowahi kuuchangia ni shirika la misaada la Marekani, USAID, ambalo lilifungwa mwaka 2025. Nafasi zikipungua, uteuzi unakuwa mkali zaidi, na kosa dogo kwenye fomu linakuwa na uzito.

Wafadhili huchaguaje? Wings to Fly ni mfano mzuri kwa sababu utaratibu wake uko wazi. Fomu hutolewa bila malipo. Maombi hupitiwa na bodi ya uteuzi ya eneo husika, ambayo wanachama wake ni pamoja na maafisa wa elimu, machifu, viongozi wa dini na meneja wa tawi la benki. Wanaopita huhojiwa, na nyumbani kwao hutembelewa ili yaliyoandikwa yalinganishwe na hali halisi. Anayechaguliwa hulipiwa karo, vitabu, sare, mahitaji ya bweni na nauli, na hupewa ushauri nasaha.

Ziara hiyo ya nyumbani huwatia watu wasiwasi bure. Wapo wanaohamishia mbuzi kwa jirani siku ya ziara. Si lazima, kwani mbuzi wawili hawalipi karo ya mwaka, na wajumbe wanaoishi eneo hilo hilo wanajua mbuzi ni wa nani. Kinachomwangusha mwombaji ni kupatikana amedanganya.

Alama nazo zimebadilika. Wakati wa KCPE, mtihani uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mzazi alijua kwamba alama kama 350 kati ya 500 zilimfungulia mtoto milango. Sasa matokeo ya KJSEA hutolewa kwa viwango vya umahiri kwa kila somo, na wanafunzi wa kwanza chini ya mfumo huu waliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Asitegemee alama za kifungua mimba wake kukisia nafasi ya mdogo wake. Kila mfadhili hutangaza kigezo chake, na tangazo la mwaka huo ndilo la kufuatwa.

Ambacho hakijabadilika ni bahasha ya stakabadhi: cheti cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho cha mzazi au mlezi, cheti cha kifo kwa mtoto aliyefiwa, barua ya chifu, barua ya shule na matokeo. Kwa mtoto mwenye ulemavu huongezwa stakabadhi za kuthibitisha hali yake. Kati ya hizi zote, vyeti viwili vya usajili ndivyo huchukua muda, na ndivyo familia hukumbuka mwisho.

Sheria inataka kuzaliwa na kufariki viandikishwe ndani ya miezi sita. Mtoto akizaliwa hospitalini, hospitali huanzisha usajili. Tukio likiwa la nyumbani, taarifa hupelekwa kwa naibu wa chifu wa lokesheni ndogo, naye huijaza na kuifikisha kwa ofisi ya usajili. Miezi sita ikipita mlango haufungwi, ila unakuwa usajili wa kuchelewa, wenye maswali na stakabadhi zaidi. Ndiyo maana wiki ya matokeo si wiki ya kuanza kutafuta cheti cha kifo cha mtu aliyezikwa miaka minane iliyopita. Nyanya anayemlea mjukuu aliye Gredi ya 7 au ya 8 anaweza kumwona naibu wa chifu sasa, akiwa na kibali cha mazishi ikiwa kilitolewa, kitambulisho cha marehemu kama bado kipo, na jamaa anayeweza kuthibitisha kifo hicho.

Majina nayo yaangaliwe. Mtoto anayeitwa Kadzo shuleni, Mercy kwenye cheti cha kuzaliwa, na jina la tatu kwenye barua ya chifu, ni watoto watatu machoni pa karani aliye Nairobi. Marekebisho hayo pia yanachukua muda.

Na mlezi ambaye tayari amechelewa? Asiache kuchukua fomu kwa sababu cheti hakijatoka. Aulize ofisi ya mfadhili kama barua ya chifu na risiti ya maombi ya cheti zitapokelewa kwa muda. Jibu hutegemea mfadhili, lakini asiyeuliza amejikataa mwenyewe.

Zipo njia nyingine zaidi ya benki. Shule za Starehe ni mfano wa taasisi ambazo hisani imejengwa ndani yake. Starehe Boys' Centre ilianzishwa Nairobi mwaka 1959 na Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu kwa ajili ya wavulana waliokuwa wakirandaranda mitaani, na kituo cha wasichana kikafuata mwaka 2005. M-Pesa Foundation Academy iliyoko Thika huwasomesha wavulana na wasichana wenye vipaji kutoka familia zisizojiweza katika kaunti zote 47. Taasisi hizi huwa na fomu na ratiba zao wenyewe, kwa hivyo kusubiri nafasi ya kawaida ya wizara ndipo uulize huwa ni kuchelewa.

Hapa Kilifi, Moving the Goalposts, shirika lililoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, hutumia soka kuwafikia wasichana na kuwasaidia wabaki shuleni na kujifunza kuongoza. Kazi ya namna hii haionekani kwenye risiti ya karo, lakini msichana aliyeacha shule hana karo ya kulipiwa. Miongozo ya kitaifa ya mwaka 2020 inamruhusu msichana aliyejifungua kurudi darasani. Anayefadhiliwa na akajipata katika hali hiyo amweleze mfadhili mapema, kupitia kwa mwalimu au mzazi, na aulize kama nafasi yake itahifadhiwa. Kunyamaza ndiko humfanya aonekane ametoroka.

Pengo kubwa liko kwa vijana wa alama za wastani. Hisani nyingi humfuata mwanafunzi bora, jambo linaloeleweka, lakini wengi wa vijana wa kaunti hawamo kwenye kundi hilo. Kwao, vyuo vya ufundi vya kaunti vina ada ya chini, na ipo mipango inayolenga ufundi moja kwa moja, kama 2jiajiri ya Wakfu wa KCB iliyoanza mwaka 2016, ambayo huwafunza vijana stadi za ujenzi, magari, urembo na kilimo. Mzazi anayeona aibu kuulizia chuo cha ufundi anamnyima mtoto mlango ambao una foleni fupi.

Palipo na uhitaji, matapeli hawakosi. Wanapiga simu wakijitambulisha kama maafisa wa wakfu fulani, wanataja jina la mtoto na shule yake, kisha wanaomba "ada ya usajili" kwa M-Pesa. Ufadhili wa kweli haununuliwi. Fomu ni bure, mahojiano ni bure, na karo hulipwa kwenye akaunti ya shule. Anayedai kuwa shirika la hisani anaweza kuulizwa cheti chake cha usajili, kwani mashirika ya manufaa ya umma husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2013 iliyoanza kutumika Mei 2024. Picha na taarifa za mtoto zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mzazi ana haki ya kukataa zisambazwe.

Wakazi wanaotaka kumsomesha mtoto wa jirani, na wapo wengi, walipe moja kwa moja kwenye akaunti ya shule na kuomba risiti yenye jina la mwanafunzi. Nakala ya risiti hiyo ibaki kwa mlezi, ndani ya bahasha ile ile yenye cheti cha kuzaliwa.