Kabla hujanunua miche ya mikorosho, uliza mama yake ni nani

Kila mwaka mvua ikikaribia, simu yangu hujaa picha za miche ya mikorosho. Vijana wanapiga picha kitaluni na kunitumia na swali moja: "Bwana shamba, hii inafaa?" Majani yanang'aa, kiriba kimejaa udongo, bei poa.

Ukweli ni kwamba kwa picha siwezi kukujibu. Mche uliotoka kwa mti hodari na mche uliotoka kwa mti goigoi inafanana kabisa ikiwa kitaluni. Tofauti utaiona mwaka wa nne au wa tano, wakati umeshapalilia, umeshanunua dawa, na ardhi umeshaifunga. Mkorosho si mchicha kwamba ukikosea unang'oa na kupanda tena wiki ijayo. Mti huu utakaa shambani miaka 30 na zaidi. Ndiyo maana leo nataka tuongelee uchaguzi wa mche peke yake, hatua kwa hatua, hasa kwa ninyi mnaofungua mashamba ya biashara huku Mtwara na ukanda wa Mto Ruvuma.

Mbegu ya mti mzuri haitoshi

Wengi wetu tumekua tukiona hivi: mzee ana mkorosho unaozaa kupita yote kijijini, basi mtu anaomba korosho zake, anazipanda, anasubiri maajabu. Baadhi ya miti inatoka mizuri, mingi inatoka ya kawaida, na mingine haizai cha maana.

Sababu yake ni rahisi. Maua ya mkorosho huchavushwa na wadudu, na mara nyingi chavua inatoka mti mwingine. Kwa hiyo korosho unayookota chini ya mti ule ina mama unayemjua na baba usiyemjua. Baba anaweza kuwa mti wa jirani unaoshambuliwa na ubwiriunga kila mwaka. Watoto wa mti mmoja hawafanani, kama watoto wa nyumba moja wasivyofanana.

Kubebesha kunaondoa bahati nasibu hiyo. Mtaalamu anaotesha mche kutokana na mbegu, halafu anaukata kichwa na kuunganisha kikonyo kilichokatwa kwenye mti mama uliochaguliwa. Mizizi ni ya ule mche wa mbegu, lakini matawi, maua na korosho vyote ni vya mti mama. Mama akizaa vizuri, na mche wake una uwezo ule ule. Faida nyingine ni muda: mche wa kubebesha ukitunzwa huanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu.

Tulishawahi kuangukia pua

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho ghafi tani zipatazo 145,000. Kufikia msimu wa 1986/87 tulikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa: watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa wakaiacha mikorosho yao mbali, bei zikawa hazilipi, na ubwiriunga ukaingia. Ugonjwa huu ni ule unga mweupe kama majivu unaofunika majani machanga na maua. Ua likishashikwa halifunguki, na lisipofunguka hakuna korosho.

Dawa ya salfa ilisaidia, lakini salfa ni gharama ya kila msimu. Watafiti wa Naliendele, hapa hapa barabara ya kwenda Newala, wakachukua na njia ya pili: kutafuta miti inayozaa sana na kuhimili ugonjwa, kisha kuizalisha kwa kubebesha. Huko ndiko zilikotoka aina kama AC4, AC10 na AZA2, ambazo utazisikia ukienda kituo cha TARI Naliendele. Baadaye yakaja na machotara.

Kwa hiyo muuza miche akikwambia "hii ni mbegu ya kisasa", bado hajakujibu. Kisasa si jina. Mwambie akutajie aina.

Maswali ya kuuliza kitaluni

Ukifika kitaluni usianze na bei. Anza na haya:

1. Aina gani hii? Jina au namba itajwe, na miche ya kila aina iwe imetengwa na kuwekewa kibao. Kitalu ambacho aina zote zimechanganywa na mwenyewe anakadiria kwa macho, ondoka.

2. Vikonyo vilikatwa wapi? Jibu zuri ni bustani mama inayojulikana, yenye aina zilizoidhinishwa. "Kwenye shamba la jamaa yangu" si jibu, hata kama jamaa ni mtu mzuri.

3. Ulibebesha lini? Mche unatakiwa uwe umeshika vizuri na kutoa majani mapya yaliyokomaa kabla ya kwenda shambani.

4. Udongo wa kwenye viriba umetoka wapi? Swali hili watu hulidharau. Ugonjwa wa mnyauko fuzari, ulioonekana mwaka 2012 kijiji cha Magawa, Mkuranga, unaishi kwenye udongo na kuua mti mzima. Ukibeba mche kutoka eneo lenye ugonjwa, umebeba na udongo wake. Nunua karibu na shamba lako inapowezekana.

5. Utaniandikia risiti yenye jina la aina? Anayeamini miche yake haogopi kuandika.

Sasa ukague mche wenyewe

Tafuta kovu la kubebeshea. Liko inchi chache juu ya udongo, na utaona mahali ngozi mbili zilipoungana. Kama bado limefungwa nailoni, omba lifunguliwe kwenye miche michache. Nailoni imewahi kuzungushwa kwenye mche wa mbegu ambao haukuguswa na kisu, ukauzwa kwa bei ya mche wa kubebesha. Chini ya nailoni kusipokuwa na kovu, hakuna kilichobebeshwa.

Kisha angalia tawi linalokua limetokea wapi. Hapa ndipo vijana wengi wanapoliwa. Kikonyo kinaweza kufa, halafu shina la chini likachipua na kukua vizuri sana. Kovu lipo, kazi ilifanyika kweli, lakini unachonunua ni mche wa mbegu. Machipukizi lazima yawe yametokea juu ya kovu. Yaliyotoka chini yake yanatakiwa kuondolewa, na hata baada ya kupanda uendelee kuyatoa, la sivyo yatakimaliza kikonyo.

Mwisho, mizizi. Mkorosho una mzizi mkuu unaokimbilia chini haraka. Mche ukikaa kitaluni muda mrefu, mzizi unafika chini ya kiriba, unakosa njia, unajikunja kama nyoka. Mti huo hautakaa sawa shambani: utadumaa au utalazwa na upepo. Kwa hiyo mche mkubwa kuliko wenzake si lazima uwe bora, unaweza kuwa ni wa mwaka jana uliokosa mteja. Kama unanunua mia na zaidi, lipia mmoja, upasue kiriba papo hapo, uangalie. Huo mmoja uliouharibu ndio bima ya iliyobaki.

Usijaze shamba aina moja

Swali ninaloulizwa sana: "Aina ipi ni kiboko yao?" Ushauri wangu ni kuchanganya aina kadhaa, walau tatu au nne. Kwanza, uchavushaji unakuwa mzuri kwa sababu chavua ya mti mmoja inakutana na maua ya mti mwingine. Pili, ugonjwa au mdudu akilipenda aina moja, shamba zima haliendi. Panda kwa mistari na uandike kwenye daftari mstari gani ni aina gani. Miaka mitano baadaye daftari hilo litakuonyesha aina inayolipa zaidi kwenye udongo wako.

Unapochagua, fikiria na soko. Mnunuzi hanunui kilo tu, anaangalia ukubwa wa korosho na kiasi cha kiini. Korosho 200 kwa kilo maana yake kila moja ina gramu 5. Korosho 140 kwa kilo ni karibu gramu 7. Kiini hupimwa kwa ratili zinazopatikana kwenye gunia la kilo 80. Ratili 50 ni kama asilimia 28 ya gunia. Tangu stakabadhi ghalani ianze kwenye korosho mwaka 2007, mzigo wetu unapita AMCOS, unakwenda ghala kuu, unauzwa mnadani. Lote likiwa dogo na lenye viini hafifu, bei yake inashuka na wewe unashuka nayo. Kukausha na kuchambua vizuri kunasaidia, lakini ukubwa wa korosho unaanzia kwenye mti mama.

Tupige hesabu

Nafasi inayotumika sana kwetu ni mita 12 kwa 12. Ekari moja inaingia miti 28, kwa hiyo ekari tano ni miti 140. Tuchukue mfano, ukaweke bei za kwenu: mche wa kubebesha shilingi 2,000, wa mbegu isiyojulikana shilingi 500. Ukichukua wa bei rahisi umeokoa shilingi 210,000. Hela nzuri, sikatai.

Sasa tuseme mti wa aina bora ukikomaa unakuzidishia kilo 5 tu kwa mwaka. Kwa miti 140 hizo ni kilo 700. Kwa bei ya shilingi 2,500 kwa kilo, ni shilingi 1,750,000 kila mwaka. Ile akiba ya siku moja inageuka hasara ya miaka 30. Kama mtaji hautoshi ekari tano, panda ekari mbili za miche ya uhakika, mwakani uongeze.

Mche mzuri kwenye ardhi mbaya

Wenzangu wa Kitaya, Mahurunga, Kilambo na Msimbati, hili ni lenu. Mkorosho unapenda mchanga wenye kina, usiotuamisha maji. Miinuko yetu ya kichanga inafaa. Mabonde ya mpunga kando ya Ruvuma hayafai hata yakionekana na rutuba kiasi gani, kwa sababu mzizi unakaa ndani ya maji. Vivyo hivyo udongo wa chumvi karibu na mikoko. Kipimo ni bure: chimba shimo la futi mbili au tatu wakati mvua imekolea, mwezi Machi. Maji yakikaa humo siku kadhaa, hapo waachie mpunga.

Mchanga wa pwani nao una njaa. Weka ndoo ya samadi iliyooza kwenye shimo. Miaka ya mwanzo, kati ya mistari panda karanga, kunde au choroko: unapalilia mara moja, unapata chakula na hela ya kusubiria.

Agiza mapema

Mvua yetu ni ya msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Mche unaopandwa mwezi wa kwanza unapata mvua ya kutosha kushusha mzizi kabla ya kiangazi. Ule unaopandwa Machi mwishoni unakwenda kuomba maji ya ndoo.

Mche shina unakaa kitaluni kiasi cha wiki 6 hadi 8 kabla ya kubebeshwa, halafu wiki kama hizo tena mpaka ushike na kukomaa. Hesabu kurudi nyuma kutoka Januari, utaona kitalu lazima kianze kazi Septemba. Kwa hiyo oda ya aina unazotaka peleka Agosti, weka na malipo ya awali. Anayekwenda Januari anakuta mabaki, na mabaki ndiyo yenye mizizi iliyojikunja.

Vikundi vya vijana mnaweza kuagiza pamoja. Oda ya miche 1,000 inampa mwenye kitalu sababu ya kuwatengea aina mnazotaka, na mnagawana gharama za gari.

Kabla hujatoa hela, pita ofisi ya kilimo ya kata yako, mwombe afisa ugani aende nawe kitaluni. Hiyo ni kazi yetu na hailipiwi. Nenda na daftari, kisu, na yale maswali matano. Niulizeni hapa chini mnapokwama, na mtaje shamba lenu liko kijiji gani ili nijibu kulingana na udongo wenu.

Kazi njema shambani.